Sigare ya Pete ya Dhahabu

Huguette alikuwa na meza moja tu. Ilisimama Kajaga, pembeni ya mji wa Buja, kando ya ziwa, kwenye ukuta wa mkahawa wa Massoudi. Juu yake alipanga biskuti, chingamu, karanga na viberiti. Alikuwa pia na kopo la bati lenye mfuniko, na ndani ya kopo mlikuwa na sigare. Siyo sigara hizi za karatasi. Sigare ni zile nene, zilizosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku. Wazee wenye nafasi zao huzivuta Jumapili wakitazama maji.

Meza ile ndiyo iliyomsomesha binti yake, Chanelle. Massoudi hakumdai chochote kwa mahali pale. Alimpa sharti moja tu.

"Mama Chanelle, muteja wangu asikuje kunilalamikia sababu yako. Siku moja tu, na meza inatoka."

Na Huguette hakuwa na ukuta mwingine wa kwenda.

Nyumbani alikuwa na siri. Usishtuke, haikuwa siri ya aibu. Alikuwa akimficha baba mkwe wake, Mzee Mirindi, habari za lile kopo.

Mzee Mirindi alitoka upande wa Bukavu. Huko alifanya kazi miaka thelathini ya kuchambua majani ya tumbaku: hili la ndani, hili la nje, hili la kutupa. Kisha macho yake yakazima. Baadaye kifua nacho kikaharibika kwa sababu ya kuvuta. Daktari akasema tumbaku basi, tena isionekane ndani ya nyumba. Mume wa Huguette, Fortunat, seremala huko Gihosha, akakubali kwa niaba ya wote. Tangu siku hiyo kopo lililala kwa jirani yao Dorothée, na Huguette alinawa mikono kwa sabuni mara mbili kabla ya kuingia ndani. Mzee alishinda kibarazani, mikono yake imelala magotini. Ilikuwa mikono mizuri, mikubwa, isiyo na kazi. Huguette alipoitazama, moyo ulimuuma.

Mchana na jioni alimletea uji. Aliweka kikombe kwenye kigoda na kugonga mara mbili kwa kijiko, mzee ajue kiko wapi.

"Umeuza nini leo, Mama Chanelle?"

"Biskuti, baba. Na karanga."

"Eeh, vizuri," mzee alijibu, na kutabasamu peke yake.

Miaka miwili ilipita hivyo.

Jumatano moja Massoudi alikuja mezani, taulo begani.

"Mama Chanelle, siku ya posho, Jumamosi hii, kuna harusi hapa. Baba ya bibi harusi anataka sigare kwa wazee wenzake. Boîte mbili. Za muzuri, unasikia? Ni watu wazito wale."

Huguette alifurahi, kisha akaingiwa na hofu. Sigare zake alizinunua siku zote kwa Khaled, kwenye duka la mtaa wa Asiatique. Alimpigia simu. Khaled alikuwa amebakiwa na boksi moja tu, akamwekea.

Sasa, shida ya mtu ina harufu, na wapo wanaoinusa kutoka mbali. Saa hiyohiyo pikipiki ilisimama mbele ya meza. Akashuka kijana nadhifu, jina lake Prodige, mabegi mawili mgongoni.

"Mama, nimeleta sigare ya marque mupya! Roi du Lac. Mfalme wa Ziwa, tumbaku ya Kuba kabisa. Angalia!"

Sigare ilikuwa nyeusi, yenye kung'aa, na katikati ilivaa pete ya karatasi ya dhahabu. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya Khaled. Huguette aliigeuza mkononi. Ilipendeza, jamani, tusidanganyane.

"Nani anaileta hapa Buja?" aliuliza.

"Watu wakubwa, mama. We nunua tu. Mpaka jioni zitakuwa zimeisha, kila mutu anazitaka. Chukua moja ya kuonyesha, mi narudi saa kumi."

Huguette alifunga ile sigare moja kwenye ncha ya kitenge chake. Mchana akakimbia nyumbani kumpa mzee uji. Kwa haraka ile, hakukumbuka kuifungua.

Aliweka kikombe. Akagonga mara mbili. Mzee hakunyoosha mkono. Aliinua uso, pua zikatanuka.

"Mama Chanelle."

"Ndiyo, baba."

"Hii tumbaku umebeba leo, siyo ile ya siku zote."

Huguette aliushika mfundo wa kitenge chake. Ya siku zote! Kumbe!

"Baba... ulikuwa unajua?"

"Mi nimechambua tumbaku miaka makumi tatu. Sabuni yako ni muzuri, lakini si kiasi hicho." Mzee alicheka polepole. "Nilinyamaza. Niliona unanihurumia. Nikasema, acha, mutoto atachoka mwenyewe kuficha."

Huguette alikaa chini pale kibarazani. Machozi yalimtoka. Alikuwa amechoka kweli kuficha, na leo alijua kwamba mzee naye alikuwa akificha, kwa upendo uleule. Akamweleza yote: harusi, boksi mbili, Prodige, meza.

"Ilete," mzee alisema.

"Baba, daktari..."

"Daktari alikataza kuvuta. Kushika hakukataza. Hatuwashi kitu. Leta."

Huguette akaifungua kutoka kwenye kitenge, akaiweka kwenye kigoda na kugonga mara mbili. Mikono ile mikubwa ikaamka.

"Mi nina mikono, we una macho," mzee alisema. "Tuanze na macho yako. Soma kwenye pete. Iliandikwa nini?"

Huguette alisoma taratibu. "Roi du Lac. Kuba."

"Kiwanda gani? Anwani iko wapi?"

Aligeuza pete yote. "Hakuna, baba."

"Namba ya boîte? Tarehe? Maneno ya kuonya kwamba kuvuta kunaharibu afya?"

"Hakuna. Ni dhahabu tu."

"Eeh. Mutu anayefanya kazi ya haki anaandika mahali alipo, ukiwa na shida umutafute. Huyu hapendi kutafutwa."

Mzee alipitisha vidole kutoka ncha hadi ncha, akibonyeza kidogo kidogo.

"Weka kidole hapa. Iko ngumu, si ndiyo? Na hapa?"

"Laini. Kama hakuna kitu."

"Majani yaliyopangwa vizuri yanabonyea sawasawa. Sasa lowesha kitambaa cheupe. Pangusa."

Huguette alipangusa mara moja tu. Kitambaa kikawa cha kahawia, na sigare ikabaki na doa jeupe-jeupe.

"Yoo! Baba, ni rangi!"

"Jani la tumbaku linaweza kuacha alama kidogo. Lakini rangi ya kumwagika namna hiyo imepakwa na mutu. Leta kisu."

Walipasua. Nje kulikuwa na jani moja jembamba. Ndani mlikuwa na vumbi, vijiti, vipande vya karatasi, na kitu kikavu ambacho mzee alikisugua kwa vidole, akanusa, na kuanza kucheka hadi akakohoa.

"Jani la ndizi! Mama Chanelle, hii ni Kuba ya shambani!"

Walicheka wote wawili. Kisha mzee akakusanya vumbi lile kiganjani.

"Sikiliza. Sigare hata ikiwa muzuri, inakula kifua. Mi niko ushahidi wako. Lakini hii inavutisha mutu rangi na takataka, na inakula hata jina la aliyeiuza. Kitu kipya, usinunue boîte kabla ya kupasua moja. Tena ichague we mwenyewe. Omba facture, ile karatasi ya malipo. Uliza bei kwa mwingine. Na mutu akikukimbiza-kimbiza, simama."

Huguette alinawa uso, akarudi ziwani na kitambaa cheupe mkononi.

Alipofika, aliingia moja kwa moja mkahawani. Prodige alikuwa amewahi. Alisimama kaunta, boksi mbili mbele yake, na Massoudi alikuwa tayari anatoa pesa.

"Mama Chanelle, umechelewa," Massoudi alisema. "Nimejinunulia mwenyewe, tena bei ya chini."

"Patron, ngoja kidogo. Nakuomba."

"Harusi ni yangu ao ni yako?"

Huguette alitaka kurudi nyuma. Lakini alikumbuka mikono ile, na akasogea.

"Nipe sigare moja tu. Si ya juu. Ya chini kabisa."

Prodige alicheka. "Mama, usifungue-fungue bidhaa ya wenyewe."

"Kama ni ya muzuri, unaogopa nini?" Huguette alitoa moja ya chini, akaipangusa kwa maji mbele ya macho yao. Kitambaa kikageuka kahawia. Akaivunja. Vumbi na karatasi vikamwagika kwenye kaunta safi ya Massoudi.

"Wallahi!" Massoudi alirudisha pesa mfukoni. "Kijana, duka lako liko wapi? Nipe facture."

"Nitaileta kesho, patron. Nimesahau kitabu." Prodige alikusanya boksi zake upesi upesi. Pikipiki iliwaka, na hiyo kesho hatujaiona hadi leo.

Massoudi alikusanya vumbi kwa taulo lake.

"Ningepatia wazee wale hii takataka," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa tunafanya nini, Mama Chanelle?"

"Patron, niseme kweli. Niko na boîte moja, ya Khaled, na facture yake. Haitoshi wote. Wanaovuta tuwape. Wengine tuwape chai ya tangawizi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku ya harusi, baba wa bibi harusi alinusa sigare yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wazee wengi zaidi walichukua chai, wakaomba tena. Massoudi aliisogeza meza ya Huguette kutoka nje ya ukuta hadi ndani, chini ya paa.

"Nani alikufundisha?" alimuuliza.

"Baba mukwe wangu."

"Basi marque yoyote mupya ikuje hapa, ipite kwake kwanza."

Jioni ile Huguette alipeleka habari hiyo kibarazani pamoja na uji. Mzee Mirindi alisikiliza hadi mwisho. Alitafuta mkono wa mkwe wake, akaushika, akaubonyeza kidogo kidogo, kuanzia vidoleni hadi kiganjani.

"Huu ni wa kweli," alisema.

Kopo bado linalala kwa Dorothée, maana kifua ni kifua. Lakini kila Jumatano Huguette hubeba kitu kipya kilicholetwa sokoni: leo majani ya chai, kesho sabuni, mara moja moja sigare isiyowashwa. Yeye anasoma, mzee anabonyeza na kunusa. Na kila Jumatano asubuhi, kabla Fortunat hajatoka, mzee humwita mwanawe amtafutie shati lake lenye kola.

"Lipige pasi, mwanangu," husema. "Leo niko na kazi."