Mikono Miwili ya Mama Dereva

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama, na Mzee Honi bado alitaka kuona treni moja zaidi.

"Moja tu," alimwambia mkewe. "Ile ya mizigo. Ikishapita, tunashuka."

"Hivyo hivyo ndivyo ulivyosema tulipokuwa tunakunywa chai," mkewe akajibu, akijipangusa jasho shingoni. "Treni zako haziishi. Kinachoisha ni magoti yangu."

Mzee Honi akacheka. Alikuwa dereva wa treni mstaafu, na jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu hata sebuleni alizungumza kama mtu anayefukuza ng'ombe relini. Mkewe walimwita Mama Dereva, kwa ajili ya mtoto wao wa pekee aliyefuata kazi ya baba yake. Zamani jina hilo lilimpendeza sana. Sasa kila aliyemwita hivyo alimchoma moyo bila kujua, na yeye hakuwahi kumkataza mtu.

Walikuwa wameondoka nyumbani asubuhi na chupa ya chai, mikate na viazi vya kuchemsha. Wakapanda mlima polepole, wakipumzika kila mmoja alipoona mwenzake anaona haya kuomba kupumzika. Huko juu wakaketi kwenye jiwe bapa lililotazama bonde lote. Reli mpya ilionekana vizuri, ikizunguka ubavu wa mlima, ikizama kwenye handaki na kutokea upande wa pili. Mzee alikuwa akimketisha mwanawe hapo tangu mtoto hajaota meno yote.

Treni ya abiria ilipopita mchana, Mama Dereva alisimama kupunga.

"Mkono mmoja, mke wangu!" Mzee Honi akamaka. "Mkono mmoja ni salamu. Ukiinua yote miwili, dereva anajua kuna hatari mbele. Anafunga breki. Utatupeleka polisi."

"Nimezeeka na watu wa reli, leo ndiyo unanifundisha?"

Akapunga mkono mmoja. Dereva akajibu kwa honi. Wote wawili wakatabasamu, kisha tabasamu likawatoka kwa pamoja, maana walikuwa wamemkumbuka mtu yule yule.

Ukweli ni kwamba treni zilikuwa kisingizio tu. Wazee hawa hawakuwa na kaburi la kwenda kulizuru. Katika msimu mmoja wa mvua, mlima ulikuwa umeporomoka na kuifunika treni ya jioni. Wengine walipatikana wakazikwa. Dereva, mtoto wao, hakupatikana, wala mkaguzi wa tiketi, wala abiria wa mabehewa ya mbele. Baadaye reli ya zamani iling'olewa, ikajengwa nyingine juu zaidi. Pale ilipokuwa njia pakabaki ukanda mrefu wa majani.

Treni ya mizigo haikuja. Ulikuja ukungu.

"Basi tushuke," mzee akasema, na kwa kuwa njia ya asubuhi ilikuwa na mteremko mkali, akamhurumia mkewe na magoti yake. "Tufuate njia ya zamani. Ile inashuka polepole."

Tangu msiba ule walikuwa hawajawahi kuikanyaga. Mama Dereva alisita kidogo, akapiga moyo konde, akamfuata.

Wakatembea katika ukanda ule mrefu. Majani yaliwafika magotini. Chini yake mguu ulisikia kokoto za reli, zile zile za siku zote.

Kwanza ndege walinyamaza.

Halafu ikaja harufu... Dizeli. Breki zilizoungua. Na nyuma yake harufu nyingine, nzito, ya udongo mbichi uliofukuliwa.

"Unasikia?" mama akanong'ona.

"Ni ile ya mizigo. Iko juu."

"Haiko juu."

Kokoto zikaanza kutetemeka chini ya nyayo zao. Mzee Honi akamvuta mkewe pembeni, ingawa alijua vizuri kwamba hapakuwa na reli. Mbele yao palikuwa na majani na ukungu tu.

Honi ikalia.

Ndefu... fupi... fupi.

Mzee Honi akaitambua. Kila dereva ana mkono wake kwenye honi, na mkono ule yeye mwenyewe ndiye aliyeufundisha.

Treni ikatokea kwenye ukungu, taratibu, ikiteleza juu ya majani bila kuyalaza. Taa yake ilikuwa ya njano, hafifu. Mabehewa yalijaa matope mpaka usawa wa madirisha, na vioo vilikuwa vikichuruzika maji kwa ndani. Kwenye dirisha la kichwa cha treni kijana alikuwa ameegemea kiwiko, kofia ameivaa nyuma mbele, vile vile alivyokuwa akigombezwa na wakubwa wake kazini.

Aliwaona. Akainua mkono mmoja, akatabasamu. Ilikuwa salamu ya mtu anayepita.

Mama Dereva akainua mikono yote miwili.

Hakuwa anasalimia wala hakuwa anaonya. Aliinua mikono kama alivyomwinulia mtoto huyo alipokuwa anajifunza kutembea, ili aje aanguke kifuani kwake. Mzee Honi aliiona ikipanda. Alikuwa amesimama bega kwa bega naye. Angeweza kuishika.

Hakuishika.

Breki zikalia mlima mzima. Mabehewa yakagongana moja baada ya jingine, kisha kukawa kimya. Injini tu ndiyo iliyonguruma chini chini.

Kijana hakuwa akitabasamu tena.

"Kuna nini mbele, Mama?" sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyejaa maji kifuani. "Mbona umetusimamisha?"

"Mwanangu..."

"Tulikuwa tunakaribia kufika. Tumehangaika sana kutoka kule chini. Imebaki kona moja tu."

Nyuma yake vivuli vikaanza kusogea madirishani. Viganja vikafuta vioo. Nyuso zilizotapakaa matope zikachungulia, na mnong'ono ukapita behewa hadi behewa.

"Tumefika?"

"Mbona tumesimama?"

"Ndiyo hapa? Tumefika?"

Mama Dereva akasogea, akanyoosha mkono, akaushika mkono wa mwanawe dirishani. Ulikuwa baridi kiasi cha kuuma. Hakuuachia.

Mzee Honi alijua kilichotakiwa. Dereva aliyesimamishwa njiani haondoki kwa akili yake. Anangoja ruhusa, na ruhusa inatolewa na yule yule aliyemsimamisha, kwa sababu ndiye pekee aliyeona hatari. Hata hivyo mzee alijaribu. Akainua mkono wake mmoja, akaupunga kuelekea mbele.

Kijana akatikisa kichwa. "Si wewe, Baba. Unajua."

"Mke wangu," mzee akanong'ona. "Inua mkono. Mmoja."

"Sitaki."

"Hawa watu wanakwenda zao..."

"Nimemzaa mimi!" Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Sikumwosha. Sikumfunika. Leo nimempata, halafu nimruhusu aende wapi? Shuka, mwanangu. Shuka twende nyumbani."

Kijana alimtazama kwa huzuni. Akawatazama watu waliokuwa nyuma yake, waliolowa, waliochoka.

"Mama," akasema taratibu. "Nina abiria."

Mwanga wa mwisho ukaondoka bondeni. Treni ikaanza kufifia pamoja nao, kwanza mabehewa, kisha taa, mwishoni uso wa kijana. Mama Dereva akabaki ameshika hewa. Lakini injini haikunyamaza. Waliisikia njia nzima wakishuka, ikinguruma nyuma yao bila kusogea karibu wala mbali.

Waliisikia mpaka nyumbani.

Majirani walipouliza kesho yake huo mngurumo ni wa nini, mmoja akasema ni jenereta la wachimba mawe, wengine wakakubali, yakaisha. Ulikuwa ukianza kila jua likizama. Mama Dereva alihamishia kiti chake dirishani, upande wa mlimani, akawa anaketi hapo na kushona vifungo vya mashati ambayo hayakuwa na mvaaji. Mkono uliomshika mwanawe ulibaki na baridi. Hata akiushikilia juu ya chungu cha maji yanayochemka, haukupata joto.

"Twende tukawaruhusu," Mzee Honi alimbembeleza. Alimbembeleza asubuhi na jioni. Alimwambia kuhusu wale watu madirishani, akamwambia mtoto wao hakulelewa kuchelewesha watu. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatafuta kifungo kingine.

Halafu akaja jirani yao. Alikuwa mjane wa yule mkaguzi wa tiketi, mwanamke mpole aliyeishi nyumba ya pili. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kuwa mzigo.

"Shemeji, nisamehe," akamwambia Mzee Honi. "Naomba nikuulize jambo la kazi yenu. Mume wangu namwota kila nikilala. Zamani alikuwa anakuja anacheka, ananiambia wako njiani, wanakaribia. Nikiamka najisikia vizuri. Sasa anasimama tu mlangoni mwa behewa, amelowa, meno yanagongana. Ananiambia wamecheleweshwa." Akamtazama usoni. "Nani amewachelewesha, shemeji?"

Mzee Honi, ambaye sauti yake ilijaza nyumba nzima, akainama na kummiminia chai.

Jikoni, kijiko kilichokuwa kikikoroga kikasimama.

Mjane alipoondoka, Mama Dereva aliingia chumbani, akafunga mlango. Jua lilipokuwa likizama akatoka amevaa viatu vya mlimani na sweta. Macho yalikuwa yamevimba.

"Twende," akasema. "Kabla giza halijaingia. Nitainua mkono mmoja. Yule mwanamke naye ana mtu wake." Akafunga kifungo cha juu cha sweta. "Lakini unishike, mume wangu. Nikiinua, unishike, la sivyo nitaanguka."

Hilo ndilo neno Mzee Honi alilokuwa akilisubiri siku zote hizo. Akachukua funguo. Akafika mlangoni. Anga lilikuwa safi, wingu hata moja hapana, na nyota za kwanza zilikuwa zimeshaanza kutoka juu ya mlima. Injini ilinguruma huko juu. Akasikiliza. Aliisikiliza kama alivyokuwa akiisikiliza kila jioni akiwa kitandani, mkewe akidhani amelala, mpaka usingizi umchukue. Kijana wake yupo pale. Yupo kule mlimani, hajaenda popote.

Akarudi, akaketi, akaziweka funguo mezani.

"Mvua inakuja," akasema bila kumtazama mkewe. "Tutakwenda kesho."

Mama Dereva akalitazama anga kupitia mlango uliokuwa wazi. Akamtazama mumewe. Kisha akaketi kando yake, akavua viatu.