Almasi Isiyowaka

Duka la mitungi ya gesi pale Temeke lilijaa mafundi wa kuchomelea, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Katikati yao akapenya binti wa gauni la kitenge cha bluu, miwani puani, akamwambia Gozbert mwenye duka kwamba anataka haidrojeni safi kuliko zote alizonazo.

"Unachomelea nini, sista?"

"Sichomelei. Naotesha almasi."

Mafundi wakacheka. Gozbert hakucheka. Alimpelekea mtungi mwenyewe hadi maabara anakofanya kazi, na huko binti huyo, Anjelina, akamweleza jinsi haidrojeni inavyochanganywa na gesi yenye kaboni, ikapashwa moto mkali ndani ya mashine mpaka kaboni inatua kwenye kisahani, chembe juu ya chembe, ukapatikana utando wa almasi mwembamba kuliko unywele. Utando safi ukiumulika kwa taa maalumu hauwaki. Ukiingiwa na hewa, unawaka rangi ya chungwa.

Basi mapenzi yakaota. Simu za jioni zikawa haziishi, huku "Mhaya wangu wa majivuno," kule "mama almasi."

Hata siku wageni walipokuja kukagua kazi, utando wa Anjelina ukawaka kama kaa. Kwa fadhaa akampigia Gozbert, spika wazi, akamwambia mbele yao kuwa gesi yake chafu. Gozbert akakata simu. Neno kama hilo likisambaa, muuza gesi hana duka tena. Tangu hapo Anjelina akipiga, Gozbert anaitazama tu simu mpaka inyamaze.

Wiki zikapita. Asubuhi moja Anjelina akatokea dukani, watu tele, vumbi limemjaa viatuni. Akatoa taa yake na kisahani kipya, akakimulika. Hakikuwaka.

"Jamani, nilisema gesi ya huyu bwana ni chafu. Nilikosea. Mpira wa kuziba hewa kwenye mashine yangu ndio ulipasuka, hewa ikaingia. Hiki nimekiotesha kwa gesi ya mtungi uleule. Wageni nimeshawaambia, sasa nawaambia nyie."

Fundi mmoja akanong'ona labda taa imeharibika. Anjelina akatoa kisahani cha zamani, akakimulika. Kikawaka chungwa tupu. Fundi akatazama pembeni.

"Si ungeninong'oneza tu, mpenzi," Gozbert akasema.

"Nilikuchafua hadharani. Hata sie Wamakonde tuna majivuno yetu."

"Kwenu Goba, nani anapokea washenga?"

"Baba mdogo. Ila jibu natoa mie."

"Na jibu lenyewe?"

"Watume kwanza hao washenga."

Gozbert akawaambia wateja duka limefungwa, anakwenda kutafuta washenga.