Shimo la Makumbi

Kila asubuhi kule Munje, Hasina alifagia uwanja, akateka maji, kisha akamwosha uso mdogo wake Feisal huku wakiimba. Dada akianza mstari wa kwanza, Feisal, mtoto wa miaka minne, aliudaka wa pili kwa sauti ya kuamsha majirani. Hakuwa mtoto wa kunyamaza huyo!

Mvua zilipoanza, Hasina aliongezewa kazi. Watafiti walikuwa wakijaribu dawa ya mbu iliyotengenezwa kwa kiungo cha manjano, na Ami Chirau, mhudumu wa afya wa kijiji, aliigawa kwa kila nyumba yenye maji yaliyotuama. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na shimo ambamo mama aliloweka makumbi ya nazi, apate usumba wa kusokotea kamba. Lilifunikwa kwa makuti ili watoto wasitumbukie, na humo ndani viluwiluwi vya mbu vilicheza vitakavyo.

“Sikiliza, mwanangu,” Ami Chirau alimwambia. “Dawa hii gizani haifanyi kitu. Viluwiluwi huila, kisha jua likivipiga ndipo inapoviua. Kila Jumamosi asubuhi ukishaimwaga, ondoa makuti yote, ukae hapo uchunge watoto mpaka adhuhuri. Umenielewa?”

“Nimeelewa, Ami.”

Alielewa sana. Lakini shimo la makumbi linanuka, lo! Harufu yake hung’ang’ania nguoni, na rafiki yake Cynthia alikuwa amemcheka mbele ya darasa zima. Basi Jumamosi Hasina alichungulia huku na huku, akainua kuti moja, akamwaga dawa, akalirudisha, akaenda zake kuruka kamba.

“Ulifunua?” Ami Chirau aliuliza jioni.

“Nilifunua, Ami. Mpaka adhuhuri.”

Akasema hivyo hivyo kila Jumamosi iliyofuata, bila hata kupepesa macho.

Chandarua walikuwa nacho, lakini mbu wa shimoni hawakungoja watu walale. Feisal alishikwa na homa. Alfajiri moja akapata degedege, macho yamepinduka, na mama akambeba mbio hadi hospitali. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Alilazwa siku nyingi, hamjui mama wala dada.

Alipotolewa, uwanja ulijaa watu waliokuja kumpa mama pole. Jirani yao Garama alikuwa amefura kwa hasira.

“Chirau, umetuletea manjano ya pilau! Dawa inamwagwa kila wiki na mbu wamejaa. Kuanzia leo hatuitaki takataka yako!”

Wengine wakaitikia. Ami Chirau aliinamisha kichwa.

Hasina alijua kwamba akinyamaza, dawa itatupwa, na mtoto mwingine atafuata. “Dawa haina kosa,” alisema huku akilia. “Sikufunua shimo. Nilimdanganya Ami. Sikufunua hata mara moja.”

Mama alimtazama, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akayang’oa makuti kwa mikono yake mwenyewe. Ami Chirau akamwaga dawa. Jua lilikuwa kali. Kesho yake viluwiluwi vilielea vimekufa, na Garama akaja kuomba dawa ya kwake.

Hasina akakimbilia kwa Feisal, aliyelala tangu arudi na sasa alikuwa ameketi mkekani amempa mgongo. Akaimba mstari wa kwanza. Feisal hakugeuka. Akaimba tena kwa nguvu. Mtoto aliendelea kupanga vifuu vyake.

“Usimpigie kelele,” mama alisema. “Daktari amesema malaria imemharibia masikio. Hasikii.”

Hasina akaanguka miguuni pa mama. “Nisamehe, mama.”

“Nimekusamehe. Wewe ni mwanangu, nitakutupa wapi?” Sauti ya mama ilijaa uchungu. “Lakini msamaha wangu haumrudishii mdogo wako masikio. Ukipewa kazi ya kulinda afya za watu, ifanye yote. Ikikushinda, sema imekushinda, mwingine aifanye. Ungeniambia harufu imekushinda, ningefunua mimi. Neno moja tu, Hasina.”

Akajifuta macho kwa ncha ya leso.

“Haya, nenda ukamwoshe uso. Na upitie mbele yake, akuone unakuja.”