Mstari wa Chaki

Kila alasiri Kwanini alifanyia kazi za shule kwenye meza ya kukatia vitambaa, cherehani ya mama yake mdogo ikinguruma kando. Jina lake halisi lilikuwa jingine, ila maswali yake yalishalimeza.

"Mama mdogo, leo tumesoma kauli ya kutendwa kwa Kiingereza. Kumbe unaweza kusema glasi ilivunjwa, na aliyeivunja asitajwe. Kwa nini?"

"Hata Kiswahili chetu kinaweza. Juzi mtu aliniambia sukari imelambwa, huku midomo yake inang'aa."

Mkataji wao wa vitambaa, mama mpole wa makamo, alicheka hadi akaweka mkasi chini.

Wanawake hao wawili walipotoka kupeleka nguo za wateja, daftari la Kwanini likajaa. Akachukua chaki ya fundi, akaandika juu ya kitambaa cha buluu kilichotandazwa mezani: sentensi za jana, za leo, za kesho. Kutenda kushoto, kutendwa kulia, katikati mstari ulionyooka. Alipomaliza alifuta maneno kwa kiganja. Mstari akausahau.

Na humo chumbani, mstari wa chaki ni amri: ukiuona, unakata.

Kesho yake alimkuta mkataji anafunga mkoba wake, macho mekundu.

"Miaka sita nakuamini," mama mdogo alikuwa akisema, "leo unanipasulia kitambaa cha gauni la mteja kama mkate? Nenda tu."

"Nilifuata mstari, dada."

"Mstari gani? Mimi sikuchora."

Kwanini akasema, "Mstari ulichorwa jana."

"Ulichorwa na nani? Na mende?"

Mkataji alikuwa ameshavaa viatu, mkono uko mlangoni.

"Nilichora mimi," Kwanini akasema. "Nilikuwa nafanya zoezi."

Cherehani ilinyamaza. Mama mdogo alimshika mkataji mkono. "Vua viatu, dada yangu. Nimekurukia bila kuuliza. Nisamehe." Kisha akavigeuzageuza vile vipande. "Sketi na blauzi vinatoka hapa, mteja akikubali. Kwanini, utamweleza wewe."

"Nianzeje?"

"Anza na 'mimi'."

Mteja alipokuja na kumsikia Kwanini, alinuna, akavipima vipande kiunoni, mwishowe akakubali.

Jioni mama mdogo alimwambia, "Mwanangu, kwenye mtihani mfiche mtendaji unavyoagizwa, upate alama zako. Lakini nje ya daftari, kosa lisilo na mwenyewe halikai hewani. Litamwangukia jirani."