Mpagazi wa Saa Nane

Nesi Elieth alidhani mizani imeharibika. Aliisukuma kwa ncha ya kiatu, akamshusha mzee, akampandisha tena. Kilo hamsini na moja. Jumatatu, mzee huyohuyo na kanzu hiyohiyo, ilikuwa imesoma sitini na nne, na leo ilikuwa Alhamisi.

"Alikuwa anaharisha?" akauliza.

"Hapana," Abdulatifu, mwanawe, akajibu. "Anakula kama kawaida."

Elieth akainama, akambonyeza Mzee Twalibu kwenye vifundo vya miguu. Mgonjwa wa figo hujaa maji, ndiyo maana kila anayekuja kusafishwa damu hupimwa uzito kabla na baada. Miguu ya mzee haikuwa imevimba. Wala hakuwa amekonda. Mashavu yalikuwa yaleyale, tumbo lilelile. Elieth akapanda mwenyewe juu ya mizani, ikamsoma sawasawa. Akaandika namba ya mzee kwenye kadi.

"Mimi najisikia vizuri," mzee akasema. "Tangu jana sina hata maumivu."

Abdulatifu alikuwa fundi seremala mtaa wa Isevya. Katika mwaka mmoja alikuwa ameuza kiwanja chake cha Kiloleni, kisha pikipiki, kisha mashine ya randa iliyokuwa ikimlisha. Kila baba yake alipolazwa kando ya ile mashine ya kusafisha damu, laki na nusu iliondoka, mara mbili kwa wiki, na bima haikugusa hata senti. Kwa hiyo aliposikia mzee anajisikia vizuri, jambo la kwanza kumjia halikuwa shukrani. Alijiambia kwamba labda wiki ijayo waje mara moja tu. Aliona aibu, lakini wazo lile hakulifukuza.

Jioni mkewe, Ummy, alimvuta hadi uani, mbali na chumba cha mzee.

"Baba Shamila, leo mchana ulirudi nyumbani?"

"Nirudi kufanya nini? Nilimshusha baba, nikaenda karakana."

Ummy alitazama nyuma yake kwanza. "Saa nane, baba amejilaza, nikasikia mtu anaingia kwa mlango wa mbele. Anatembea kama aliyebeba kitu kizito. Hatua moja, anapumua, hatua nyingine. Nikajua ni wewe na mbao, nikakuita. Kimya. Akapita hapo ukumbini, akaingia kwa baba. Sikumwona, nakuapia, nilisikia harufu tu. Jasho bichi, moshi wa kuni mbichi, na kitu kama kidonda kilichooza. Halafu nikamsikia anatoka, hatua zimekuwa nzito zaidi. Na mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo."

"Na baba?"

"Kalala, macho wazi. Nikamshika mkono nimwamshe." Sauti yake ikazidi kushuka. "Ulinyanyuka kama kitambaa, Baba Shamila. Mkono wa mtu mzima."

Walimkuta Mzee Twalibu ameketi kitandani, uso umechangamka, anang'oa vishona nguo, zile mbegu za porini zinazonasa kwenye nguo, kwenye pindo la kanzu yake. Hakuwa ametoka nje ya nyumba ile tangu arudishwe kutoka hospitali.

"Baba, hivi umevipata wapi?" Abdulatifu akauliza.

"Kaliua," mzee akasema, kama mtu anayesema sokoni. "Yule kijana uliyemleta ana nguvu, mwanangu. Anainama hapa kando ya kitanda, ananiambia panda mzee, napanda mgongoni. Jana tulifika Urambo. Leo Kaliua. Njia ileile niliyokuwa nikipita na baiskeli wakati nafuata asali, ila yeye anaijua kwa ndani, tangu kabla ya reli kujengwa."

"Sijaleta kijana yeyote, baba."

"Umemleta wewe. Kasema mwenyewe."

Ummy alimshika mumewe kiwiko. Abdulatifu akauliza, na alijisikia akiuliza kwa sauti ya mtoto, "Anakupeleka wapi?"

"Ujiji, ziwani. Anasema huko ndiko mizigo yote inakotuliwa."

Ijumaa Abdulatifu hakwenda karakana. Alirudi kutoka msikitini, akaweka kiti mlangoni mwa chumba cha baba yake, akakaa na msahafu mapajani. Redio ya jirani ilikuwa inaimba, muuza maji alikuwa anapita na toroli lake, jua lilikuwa kali juu ya mabati, na katikati ya mchana ule mweupe uliojaa watu akasikia hatua ya kwanza ukumbini, kisha pumzi ndefu iliyotokea puani, kisha hatua ya pili, na ile harufu ikamfikia, ikamwingia mdomoni hata akawa kama anaionja, na alipotaka kusoma ulimi ukagoma, na alipotaka kusimama magoti yakagoma, na kitu kikampita pale kwenye kiti kwa karibu sana hata ukili wa mkeka uliotundikwa ukutani ukatikisika, na akasikia, kwa masikio yake mawili, sauti ya chini ya mtu mwenye kiu ikisema, "Panda, mzee."

Alipopata tena miguu yake, baba yake alikuwa amelala macho wazi, na pindo la kanzu lilikuwa linachuruzika maji.

"Mto Malagarasi umejaa," mzee alisema alipozinduka. "Kesho tunaingia Ujiji."

Abdulatifu alimwinua kumbadilisha nguo. Alimwinua kwa mkono mmoja. Akatoka nje, akampigia simu Elieth, kwa kuwa hakujua mwingine wa kumpigia.

Elieth alimsikiliza hadi mwisho. "Kaka, kazini haya nisingeyasema," akanong'ona. "Lakini mimi kwetu ni Nzega. Pale Lusu kuna mama mmoja anayeyajua mambo haya. Nakutumia namba yake. Usingoje Jumatatu."

Yule mama wa Lusu, Mama Mhoja, alifika Jumamosi kwenye saa sita, kwa basi. Hakuwa na shanga wala kibuyu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, muuza mchele, mwenye pochi ya plastiki na miguu iliyopasuka kwa kazi ya jaruba za mpunga. Alimwamkia mzee, akakaa chini sakafuni, akavuta hewa ya chumba kile mara tatu.

"Huyu hakuingia mwenyewe," akasema. "Kaitwa. Nani kamwita?"

"Mama, tuongee nje," Abdulatifu akasema.

"Hapahapa. Mbele ya mzee."

Abdulatifu akatazama mikono yake. Akaeleza kwamba Jumanne alikuwa akirudi na lori la mbao za mninga kutoka Urambo, gurudumu likapasuka porini. Wakati dereva anahangaika nalo, yeye alijitenga, akaingia msituni kwenye kijia cha zamani, ndipo simu ikaita, ni hospitali, wanakumbusha malipo ya Alhamisi. Alipokata simu alikaa kwenye jiwe akalia.

"Nikasema, mzigo huu umenishinda. Laiti angetokea mtu akanitua."

"Ukajibiwa?"

"Mtu alisema, nimesikia. Nilidhani ni mchoma mkaa."

Mzee Twalibu alikuwa ameelekeza uso ukutani.

"Njia ile ilipitisha wapagazi wengi, wabeba mizigo wa misafara ya zamani," Mama Mhoja akasema. "Aliyeugua aliachwa kando, mzigo wake akapewa mwenzake, safari ikaendelea, maana mzigo ulikuwa na bei na yeye hakuwa na bei. Wengi hawakuzikwa. Huyu ni mmoja wao, au ni jini aliyevaa sura yao, mimi sijui. Ninachojua, mzigo ulimpa wewe, na atakayeurudisha ni wewe, kwa mgongo wako. Saa nane ikimkuta mzee kitandani, hamtampata tena. Mbebe. Usimjibu huyo. Usimtue baba yako mpaka atoke."

Saa nane kasorobo Ummy alimfunga mzee kwa kanga mgongoni mwa mumewe, kama anavyofungwa mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko kanga zenyewe. Mama Mhoja akasimama ukutani, anatikisa midomo bila sauti.

Hatua zikaja. Safari hii Abdulatifu alimwona, ingawa si uso. Aliona mgongo ulioinama mbele yake kumpokea mzee, mgongo mweusi mpana wenye kidonda begani kilicholiwa na kamba hadi mfupa ukaonekana.

"Nipe," sauti ikasema. "Wewe umechoka."

Abdulatifu akauma meno. Hapo ndipo uzito ulipoanza kurudi, kwanza kama ndoo ya maji, kisha kama gunia la mpunga, kisha kama mtu, na alipofikiri umekwisha ukaongezeka, jasho likamwingia machoni, na ile sauti ikawa inamzunguka polepole, haina hasira hata kidogo, ikimwambia laki na nusu, laki na nusu, na Jumatatu laki na nusu, ikimwambia kiwanja kimekwenda na karakana itakwenda na Shamila atarudishwa kutoka shule, na mzee hataamka mzima hata ukiuza nyumba, unajua hataamka mzima, nipe basi, mimi nabeba bure, na Abdulatifu akapiga goti moja chini, kifundo kikalia, akaweka kiganja sakafuni, akasikia shingoni pumzi ya baba yake ikianza tena kukoroma kwa maji kama zamani, na kwa pumzi ile akajua kwamba anachokishika ni mtu na ugonjwa wake mzima, akajisukuma, akasimama.

Mgongo ule mbele yake ulibaki umeinama kwa muda, kama unangoja. Kisha ukanyooka. Hatua zikatoka ukumbini, nyepesi, haraka, na harufu ikazifuata.

"Amekwenda," Mama Mhoja akasema, akakaa chini kwa uchovu. "Sasa mkimbizeni hospitali."

Miguu ya mzee ilikuwa tayari imevimba, midomo imeingia weusi. Jirani mmoja aliwapa bajaji, mwingine akachanga elfu ishirini, na nyundo na patasi za Abdulatifu zikabaki kwa muuza vifaa kama rehani. Elieth alikuwa zamuni. Mizani ikasoma sitini na saba, na hakuna aliyeisukuma kwa kiatu.

Damu ilikuwa imezunguka kwenye mashine kwa saa nzima kabla Mzee Twalibu hajafumbua mdomo.

"Leo ningefika," akasema.

"Baba."

"Sikuwa na maumivu, Abdulatifu. Nilikuwa naona msitu, nasikia nyuki. Uliniuliza kama nataka kushushwa?"

Abdulatifu alitazama mipira ile myekundu ikiingia na kutoka mkononi mwa baba yake.

"Na yale uliyomwambia yule mama niliyasikia. Ya mzigo."

"Nisamehe, baba."

Ummy, aliyekuwa ameketi upande wa pili, akashika ncha ya shuka.

"Leo ni shilingi ngapi?" mzee akauliza.

Mwaka mzima, kila baba yake alipouliza swali lile, Abdulatifu alimjibu kwamba bima imelipa. Alifungua mdomo kusema hivyo tena. Akaufunga.

"Laki na nusu," akasema. "Na ya Jumatatu sina."

Mzee Twalibu aligeuza kichwa kwenye mto, akamtazama mwanawe.

"Haya. Vuta kiti hicho," akasema. "Tuzungumze."