Mzizi wa Maji Saba

Jumapili ile soko la Rcif, katika mji wa kale wa Fez, lilikuwa limefurika. Punda waliobeba mitungi ya gesi walipita wakikwaruza kuta, wauza mnanaa walikuwa wakinyunyizia mafungu yao maji, na katikati ya msukumano huo Ghizlane alikuwa amechuchumaa, kanzu yake ya jelaba ya kijani kibichi ameikunja hadi magotini isilowe, mbele ya mama mmoja wa shamba aliyetandika gunia chini. Juu ya gunia palikuwa na mizizi tu. Ilikuwa ya mviringo, ya kahawia, midogo kuliko majimbi, na bado ilikuwa na udongo mbichi.

"Hii inaitwaje, mama?"

"Irni."

"Inapikwaje?"

"Kwa maji saba. Chemsha, mwaga. Chemsha, mwaga. Ukimaliza ya saba, kula. Na usiwe na haraka, binti yangu."

Hapo Ghizlane akazidi kuitamani. Siku sita za wiki aliuza dawa katika duka moja la mji mpya wa Fez, amesimama nyuma ya kaunta na koti lake jeupe. Jumapili ilikuwa yake, na kila Jumapili alipika mboga ambayo hajawahi kuipika. Mama yake aliapa kwamba siku moja watakutwa wote wawili wamekauka mezani, vijiko mkononi.

"Iache hiyo, dada. Inaua."

Akainua macho. Alikuwa kijana mrefu aliyevaa sweta la buluu lililochakaa viwikoni, vidole vyeusi kwa grisi.

"Wewe daktari?"

"Mimi fundi cherehani."

"Basi kashone."

Kijana akacheka, lakini jicho lake halikuondoka kwenye ile mizizi. Aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma. "Naitwa Jaouad. Kibanda changu kiko hapo nyuma ya wapaka rangi. Chukua namba yangu. Ukiamka kesho uko hai, nipigie."

"Na nisipoamka?"

"Nitajua nilisema kweli. Ila nitasikitika, maana una macho mazuri."

Ghizlane alinunua kilo moja, kwa ukaidi tu. Lakini alipofika nyumbani hakuipika. Aliifukia kwenye beseni la mchanga pale roshani, akajiambia kuwa ni uangalifu wa mtu wa duka la dawa. Kesho yake saa nne akapiga simu.

"Niko hai."

"Umekula?"

"Bado."

"Basi hujanishinda," Jaouad akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha iliyozidi maneno yake.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ghizlane akawa kila baada ya siku chache anashuka mji wa kale na kibakuli kilichofungwa kwa kitambaa. Siku moja ni majani ya mwituni yaliyosongwa na zeituni na ndimu ya chumvini. Siku nyingine ni mabua ya kijivu yenye miiba, yaliyopikwa na shingo ya kondoo.

"Hizi ni fito za ua au chakula?" Jaouad akauliza, huku anapangusa sahani kwa mkate.

"Fito, kipenzi. Mbona umemaliza?"

"Nisingemaliza ungelia."

Usiku haukupita bila simu. "Umenilisha nini, wewe mwanamke?" alikuwa akimtania. "Leo nimeshona mkono wa koti kwenye mfuko, nakuwaza wewe tu." Walicheka wote wawili. Lakini katika mji ule maneno hayo si mzaha mtupu. Wapo watu wazima na akili zao wanaoamini kwamba mwanamume anaweza kurogwa kwa kijiko cha chakula. Najat, dada yake Jaouad, alikuwa mmoja wao. "Mwanamke mzuri hupika anachokijua," alimwambia kaka yake. "Huyu wako anatafuta nini kwenye mizizi na miiba?"

Wiki ya saba Jaouad akampeleka Ghizlane kwa bibi yake. Lalla Batoul ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, mdogo kama mto wa kochi, macho yake yameingia ukungu. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa kichochoro ambamo watu wawili hawapishani bila kugeuka ubavu. Jaouad alipoingia jikoni kutia chai, ajuza akaivuta mikono ya Ghizlane hadi puani mwake, akainusa.

"Una irni nyumbani kwako."

Ghizlane alishtuka. Hakuwa ameigusa ile mizizi kwa karibu miezi miwili. "Ninayo, Bibi. Sijaipika."

"Nipikie. Maji saba, usipunguze hata moja. Na Jaouad asijue, atakukataza."

"Kwa nini, Bibi?"

Lalla Batoul akageuza uso kidogo pembeni, kwenye kochi, mahali ambapo hapakuwa na mtu. "Kuna anayesubiri. Niahidi."

Ghizlane akaahidi, kwani huwezi kumnyima ajuza aliyeishika mikono yako namna ile.

Jumapili, mama yake alipokwenda hamamu, akaosha nusu ya mizizi, akaimenya, akaikata na kuiweka jikoni. Maji ya kwanza yalipoanza kuchemka, mtu alikohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mtoto. Kikavu, cha kooni, kama cha aliyekabwa na mwiba. Kilitoka nyuma ya mlango wa jikoni. Ghizlane akaufungua. Hapakuwa na mtu. Akafunga dirisha, akamgongea jirani ukuta azime redio. Kikohozi kikaendelea.

Akamwaga maji, akatia mengine. Kikohozi kikarudi pamoja na mvuke, lakini hafifu kidogo. Mara mbili alishika sufuria aitupe yote kwenye pipa. Kilichomzuia ni kazi yake. Alikuwa amesikia vikohozi vya watoto miaka sita kaunta pale, anajua kinachozidi na kinachopona. Hiki kilikuwa kinapona. Maji ya nne, kilikuwa cha mtoto aliyechoka. Maji ya sita, pumzi tu yenye mkwaruzo. Saa ilikuwa imekwenda, akafikiri sita yanatosha, akanyoosha mkono kuzima gesi. Kikohozi kikapasuka sikioni mwake, karibu hata akahisi joto la pumzi. Akayamwaga ya sita, akatia ya saba.

Ya saba yalichemka kimya.

Aliunga kwa kitunguu saumu, jira na mafuta ya zeituni. Alionja yeye kwanza, akangoja nusu saa. Koo halikuwasha.

Saa saba mchana walikaa mezani kwa Lalla Batoul, watu watatu. Lalla Batoul alijisogeza kwenye kochi akaacha nafasi baina yake na mjukuu wake, kisha akaomba kijiko cha nne. Jaouad akaleta bila kuuliza, amezoea mambo ya uzeeni. Akafunua bakuli.

"Leo umetuletea nini, roho yangu?"

Bibi alikwisha kutia kijiko mdomoni. "Irni," akajibu yeye.

Rangi ikamtoka Jaouad usoni. Lalla Batoul hakumwona. Alikuwa akiponda kipande kwa vidole, akakiweka kwenye ukingo wa sahani, upande wa ile nafasi tupu. "Kula, Yamna," akanong'ona. "Safari hii sikuharakisha." Machozi yalikuwa yakimtiririka. Na Ghizlane, aliyekaa mkabala, aliona kile alichokiona: kile kipande kilichopondwa kikachotwa taratibu, kikaacha michirizi mitatu myembamba, kama ya vidole vidogo.

Jaouad aliona machozi tu.

"Umeileta nyumbani humu!" Alisimama hata meza ikayumba. "Ndugu yake alikufa kwa hii! Tumekatazwa hata kuitaja humu ndani! Nilikuonya siku ya kwanza, na wewe unakuja kumfanyia majaribio ajuza?"

"Jaouad, mimi—" Ghizlane akamtazama Bibi. Bibi alikuwa akiitabasamia ile nafasi tupu, hasikii kitu. Ahadi ikamzuia kusema. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Jioni simu ikalia.

"Najat alisema, nikamcheka," sauti ya Jaouad ilikuwa baridi. "Niambie tu kwa nini."

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

Ghizlane akakata simu.

Siku kumi na tisa zilipita. Ghizlane hakupika. Jumapili mbili alikula mayai ya kuchemsha amesimama, na mama yake, aliyekuwa akimlalamikia kila wiki, akamnunulia kwa siri fungu la majani asiyoyajua, akaliacha mezani. Lilinyauka pale pale.

Siku ya ishirini, saa sita mchana, simu ililia akiwa kaunta.

"Usikate, tafadhali," Jaouad akasema. Alikuwa akihema. "Humu ndani kuna mtoto."

Ghizlane akaingia stoo, akafunga mlango. "Sema."

"Tangu siku ile. Kila adhuhuri. Nasikia miguu mitupu juu ya vigae. Naweka mkate, nageuka, umemegwa. Nilidhani ni paka, lakini paka wetu amehama, yuko juu ya paa na hashuki. Jana nililala kwenye kochi, nikaamka kuna mtu ameegemea mbavu zangu. Mwepesi, Ghizlane. Mwepesi kama gunia tupu. Nikapiga kelele. Ndipo Bibi akaniambia."

"Alikwambia nini?"

"Mwaka ule wa njaa, watu walipokuwa wakichimba irni kwa kukosa unga. Mama yake Bibi alishuka mjini kupanga foleni ya unga, akamwacha na mdogo wake, Yamna. Bibi alikuwa na miaka kumi, Yamna minne. Yamna alilia njaa tangu alfajiri. Bibi akachemsha maji matatu, akashindwa kumsikiliza akilia, akampa. Sisi tulijua tu kwamba ndugu yake alikufa kwa mzizi. Hatukujua nani alipika. Amekaa nalo miaka sabini na tatu. Na akaniambia kuwa yeye ndiye aliyekutuma. Nisamehe."

Ghizlane alifuta macho kwa mkono wa koti jeupe. "Unaniomba msamaha, au unaniomba nije kupika?"

"Vyote viwili. Bibi anasema Yamna ameonja tu, hajashiba. Anasema hawezi kwenda zake na njaa."

"Nitakuja Jumapili. Lakini maji utamwaga wewe."

Alikuja na nusu iliyobaki ya mizizi, amevaa jelaba ya rangi ya zafarani na nywele amezibana kama mtu anayekwenda kazini. Jaouad alimfungulia mlango, amekonda, amenyoa vibaya. Hawakukumbatiana. Waliogopa kuanza, wasije wakasahau sufuria.

Maji ya kwanza yalipochemka, kikohozi kilitoka chini ya meza, miguuni pao. Jaouad akashika ukingo wa karo kwa mikono miwili.

"Nini hicho?"

"Ya kwanza hiyo. Bado sita. Mwaga."

Akamwaga, mvuke ukamfunika uso. Ya pili. Ya tatu. Hapo kikohozi kikawa kilio, chembamba, cha mtoto aitaye dada yake. Sebuleni Lalla Batoul akaanza kuimba bembelezo la watoto kwa sauti ya kukwaruza. Jaouad akaegemea ukuta, jasho linamtiririka.

"Ulikaa na hiki peke yako?" akauliza. "Nyumbani kwenu? Na nikakufukuza?"

"Ulinifukuza."

"Nipige basi."

"Nitakupiga maji ya saba yakiisha. Sasa hivi mikono ina kazi."

Akacheka, cheko lililotoka kama kwikwi. Maji ya tano yalipokuwa yakianza kutokota, akasema bila kumtazama, "Nataka kuja kwenu kuposa. Na mabunda ya sukari, na maziwa, na tende, kila kitu kwa heshima yake. Na Najat nitamleta."

"Najat ataogopa kula kwetu."

"Nitaonja kabla yake. Kila sahani, mbele ya mama yako. Hata ukinipikia fito." Sasa akamtazama. "Utakubali?"

Ghizlane alisikiliza. Kikohozi kilikuwa kimebaki mkwaruzo tu. "Mwaga ya tano," akasema, "kisha uniulize tena, usije ukasema ulichanganyikiwa na mvuke."

Akamwaga, akamuuliza tena. Ghizlane akakubali.

Ya sita. Ya saba, kimya.

Walipakua sahani nzima, wakaiweka mbele ya ile nafasi. Lalla Batoul aliponda kipande kwa kipande, akasukuma. Mchana ulikuwa mweupe, jua limesimama katikati ya ua, na mbele ya macho yao sahani ikapungua. Michirizi ya vidole. Kisha kijiko kikasogea chenyewe, kikagonga ukingo. Kisha weupe wa sahani ukabaki, safi, kama iliyorambwa.

Kochi likalia kidogo, kama linavyolia mtu anapoinuka. Miguu mitupu ikapita juu ya vigae, tap tap tap, haraka, kama ya mtoto aliyeruhusiwa kwenda kucheza. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa komeo. Ulifunguka. Hewa ya kichochoroni ikaingia, ikayumbisha pazia, ikatulia.

Lalla Batoul alinyoosha mkono akapapasa pale pembeni yake. "Pamepoa," akasema.

Ndipo akalia. Hakulia kama ajuza. Alilia kama mtoto wa miaka kumi, mdomo wazi, akiita mama yake, na Ghizlane akapiga magoti akamshika hadi jelaba yake ikalowa begani. Jaouad alisimama mlangoni mwa jikoni na sufuria mikononi, hajui aiweke wapi. Kilio kilipokwisha, ajuza alijipangusa uso kwa ncha ya kilemba chake, akaomba mkate, akaomba na irni iliyobaki, akala kwa hamu ambayo mjukuu wake hakuwahi kuiona.

Jaouad akaiweka sufuria chini. Akakaribia kochi, akasita mbele ya ile nafasi iliyo wazi baina ya bibi yake na mchumba wake.

"Naweza kukaa hapa, Bibi?"

Lalla Batoul akaendelea kutafuna, macho yake yenye ukungu yameelekea mlangoni.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Hapana mtu."