Kitambaa Kilicholaliwa

Wenzangu wa mtaa huu wa Nateete, na ninyi wa mtaa wa Kansanga mnaojifanya hayawahusu, kaeni niwaambie yaliyoipata nyumba ya Afande Ocaya. Mimi ni Nabwire, yule mama wa nyuzi, vifungo na zipu pale sokoni. Nyumba yangu na yao ni ukuta mmoja. Sikuhadithiwa, niliona.

Ilikuwa nyumba tulivu. Jumamosi asubuhi ungemkuta Lakica, mke wa Ocaya, ameketi barazani kwenye mkeka, gunia la vipande vya vitambaa mbele yake, anaimba kwa Kiacholi huku akichambua. Vipande hivyo vilitoka kwenye kiwanda cha mashati alikofanya kazi mumewe. Ocaya alikuwa polisi miaka mingi. Alipostaafu akapewa kazi ya kutunza stoo kiwandani, na kila Ijumaa aliruhusiwa kubeba mabaki ya chumba cha kukatia. Lakica aliyachana madogo madogo, akajazia mito, akauza. Mimi mwenyewe nalalia mto wake mpaka leo. Binti yao mkubwa, Amito, alikuwa akishona kola kiwandani humo humo, na wadogo zake wawili walikuwa wakisoma kwa jasho lake.

Amito ndiye aliyenieleza biashara yao ilivyo. Kitambaa chenyewe kilitoka mbali, Uchina huko, kwa majora. Lakini watu wa Ulaya wana sheria yao: nchi kama hii inaruhusiwa kuleta kitambaa kutoka popote, maadamu shati limekatwa na kushonwa hapa hapa. Likiwa hivyo, linaingia kwao bila ushuru. Lisipokuwa hivyo, linatozwa, na mnunuzi anakwenda zake kwingine. Kwa hiyo wasichana mia mbili walikuwa wanakula kwa sababu ya mkasi na sindano tu. Lishikeni hilo, maana kisa chote kiko hapo.

Basi Ijumaa moja Ocaya akarudi mikono mitupu. Lakica akauliza, akaambiwa mashine ya kukatia imeharibika. Ijumaa ya pili, bado imeharibika. Ya tatu, Ocaya akakasirika kabla hajaulizwa. Na katika mwezi huo huo likaja gari likashusha mabati mapya pale barazani, yametulia kwenye bando, ya nyumba aliyokuwa akijenga kwao Kitgum. Lakica alinong'ona nami ukutani kwamba mabati yametoka kwa meneja, Bwana Omolo, eti zawadi ya uaminifu. Uaminifu! Nilicheka mpaka nikakohoa. Lakini nilicheka tu, sikusema neno.

Amito alijua. Omolo alikuwa amepata mashati yaliyokwisha kushonwa huko huko ng'ambo, kwa bei ya kutupa. Yalikuja kwenye maboksi yakiwa tayari, na kazi ya wasichana ikawa kunyofoa lebo ya shingoni na kushonea nyingine iliyosema shati limetengenezwa Uganda. Meza ya kukatia ikaanza kushika vumbi. Na kila asubuhi Ocaya, kwa mwandiko wake mzuri wa kipolisi, aliandika daftarini kuwa majora kadhaa yameingia chumba cha kukatia, akatia sahihi.

Jioni moja msichana akamkabili baba yake uani. Niliwasikia, nilikuwa naanua nguo.

“Baba, mkasi umelala wiki tano. Watu wa Ulaya wakijua, sisi sote tutafukuzwa. Hao watoto watasoma na nini?”

“Hiyo maneno ni ya wakubwa,” Ocaya akamjibu kwa Kiswahili chake cha kambi za polisi. “Wewe shona tu.”

Akashona. Angefanya nini, maskini? Msichana wa miaka ishirini na mitatu, baba yake afande.

Haukupita muda, ikaja barua kwamba mkaguzi wa serikali atafika kabla hakijatolewa cheti cha kuthibitisha kuwa shehena ile ya mashati imeshonwa hapa. Omolo akahangaika. Akasema kiwanda kinachokata lazima kiwe na mabaki, na chumba chao kilikuwa kisafi kama sahani ya mgeni. Akamwangalia Ocaya. Na Ocaya, badala ya kusema ukweli hata siku hiyo, akakumbuka mabaki yako wapi.

Lakica alikuwa amekuja mezani kwangu sokoni kununua uzi. Jioni tulirudi pamoja, naye alipoingia kwake alipiga ukelele uliotutoa sote nje. Foronya zilikuwa zimetupwa sakafuni, tupu, zimepasuliwa kwa kisu. Mito ya kuuza, mito ya wageni, mto wa Amito aliolalia kila usiku, yote imetolewa matumbo. Akakaa chini katikati yake. Nilijaribu kumwinua akakataa. Aliniuliza, jirani yangu, huyu mtu ananiibia mimi ili ampe nani? Aibu ilinishika, kwa sababu nilikuwa na jambo langu ambalo nitalisema.

Kesho yake mkaguzi akafika, mama mmoja mpole aitwaye Benedicte. Haya aliniambia Amito mwenyewe. Vipande vilikuwa vimemwagwa vizuri chini ya meza, mikasi imewekwa juu yake, wasichana wamepangwa kama wanakata. Mama yule akatazama mashati: meupe yenye mistari ya buluu. Akatazama vipande: kijani, kaki, vya oda za mwaka jana. Akainama, akaokota kimoja, akakinusa. Kilinuka mafuta ya nywele.

“Hiki kitambaa kimelaliwa,” akasema.

Kisha akakutana na macho ya Amito, maana msichana alikuwa akilia, akamwuliza kama anakijua kitambaa kile.

Pale, ndugu zangu, msichana alisimama kati ya baba yake na ukweli. Omolo alimtazama. Ocaya alimtazama. Wenzake mia mbili nao walimtazama, kila mmoja na kodi yake na watoto wake.

“Ni mto wangu, nyabo,” Amito akasema kwa heshima. “Mama yangu aliushona. Hapa hatujakata kitu tangu mwezi wa tatu.”

Mambo yakaisha upesi. Cheti hakikutolewa, na vile vipande vya mito vikachukuliwa kuwa ushahidi. Shehena ile ikazuiwa, na za nyuma zikafukuliwa. Mnunuzi akaondoka na hakutazama nyuma, akawaacha hata wale ambao wangeweza kukata na kushona vizuri kwa miaka kumi mingine. Vyerehani vikauzwa. Omolo alivuka mpaka kabla ya Jumapili. Mwenye kiwanda akasema alikuwa safarini, hakujua lolote. Lakini daftari lilikuwa na sahihi moja tu, nzuri, ya kipolisi. Ocaya akafungwa.

Sasa Amito anauza nyanya soko la Kalerwe. Vidole vilivyozungusha kola bila kuangalia, leo vinapanga nyanya mafungu mafungu. Wadogo zake wako nyumbani. Na wale wasichana, mnajua wanamchukia nani? Si Omolo, si afande. Wanamchukia Amito, kwa sababu alisema. Wakipita pale wanageuza uso, bambi, maskini, na yeye huwaita kwa majina.

Mwezi uliopita nilimsindikiza Lakica gerezani. Ocaya amekonda. Alilalamika kwamba sakafu ni ngumu, shingo inamwuma, akamwomba mkewe amletee mto.

“Mto wako uko kwenye faili ya serikali,” Lakica akamwambia. “Waombe wao.”

Akainuka, tukaondoka. Mabati bado yako barazani, kwenye bando lake, na kuku wanalala juu yake.

FUNZO

Wenye sheria ile walituhurumia. Hawakutudai pamba, hawakutudai kiwanda cha kufuma. Walisema kitambaa kitoke popote, ila mikono iwe yenu. Kitu pekee tulichotakiwa kuwa nacho ni mikono, na hiyo ndiyo tuliyoiuza. Mchuma janga hula na wa kwao, na janga la Ocaya limeliwa na nyumba mia mbili.

Baba, ukipewa zawadi ya uaminifu, uliza ni uaminifu kwa nani. Na mtoto akikuonya, usimwambie ashone tu.

Nanyi mnaogeuza uso Kalerwe, mwogopeni Mungu. Amito hakufunga kiwanda. Kilikuwa kimefungwa siku mkasi ulipolala, na sisi sote tuliuona umelala. Nasema sisi, kwa sababu ule uzi mweusi wa kushonea lebo za uongo, Omolo alimtuma mtu kuununua mezani kwangu, wiki baada ya wiki. Nilijua ni wa nini. Nilimfungia vizuri kwenye karatasi, nikamwambia karibu tena.